Injini ni ile ile, ugomvi wangu ni wa giaboksi

Mtaa ninaokaa hapa Barking, mashariki ya London, ni wa nyumba za zamani zilizobanana, hazina pa kuweka gari, na kila mtu anaegesha barabarani. Ukichelewa kurudi kazini unazunguka mpaka unachoka. Juzi usiku nilikuwa nyuma ya jirani mmoja mwenye gari kubwa ya juu. Akasimama, akaipima nafasi iliyobaki baina ya gari mbili, akaona haimtoshi, akenda zake. Nikaingia mimi. Yangu ni Toyota Aygo, urefu wake mita 3.4, ikakaa vizuri na nafasi ikabaki. Nikafurahi, nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu la familia.

Jibu la kwanza likatoka kwetu Chake Chake, Pemba: "Yakhe, kukaa kote huko Ulaya, ndo kigari hicho?" La pili likafuata papo hapo: "Hicho huku hakifiki Mkoani, kitakufa njiani."

La kuchekwa nimelizoea. Lililonikera ni hilo la pili, kwa sababu aliyeliandika ana Toyota Passo uani kwake, na Passo ile imekufa giaboksi.

Basi sikilizeni. Aygo ilianza kutengenezwa mwaka 2005 mjini Kolín, Jamhuri ya Czech, kiwanda kimoja na Peugeot 107 na Citroën C1, gari tatu za ubavu mmoja zenye sura mbalimbali. Injini yake ya petroli ina silinda tatu, cc 1000 kasoro kidogo, na jina lake ni 1KR-FE. Sasa nenda kafungue boneti ya Passo ya cc 1000, au ya Vitz ya kuanzia 2005 yenye cc hizo hizo, usome. 1KR-FE. Tunaendesha injini moja, mimi Barking na nyinyi Chake. Aliyesema changu hakifiki Mkoani ameitukana gari yake mwenyewe.

Kilichotutenganisha ni giaboksi. Yangu ina gia tano za mkono na klachi ya mguu. Passo zilizoanza kutoka mwaka 2004 zilikuja na otomatiki ya kawaida ya gia nne, na zile za kuanzia 2010 zikaja na CVT. Hapo ndipo penye msiba wote, na hapo ndipo watu wa kwetu hawataki kusikia, kwa sababu ukisema neno juu ya gari yake mtu anaona umemtusi yeye na mama yake.

CVT ni otomatiki isiyo na gia za kubadilisha. Kuna puli mbili, kila moja imeundwa kwa sahani mbili zilizochongoka zinazoelekeana, na baina ya puli hizo kuna mkanda. Sahani zikikaribiana mkanda unapanda juu, zikiachana unazama chini, na hivyo gari inabadilisha nguvu bila ya kukatika, kidogo kidogo, mfululizo. Mtu wa kwanza aliyeifanya ikauzwa kwenye gari za watu wa kawaida ni Mholanzi, Hub van Doorne, kwenye DAF 600 ya mwaka 1958. Mikanda ilikuwa ya mpira wakati huo, na gari zile zilikuwa zikienda kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele. Baadaye ukaja mkanda wa chuma, na mwaka 1987 Subaru wakautia kwenye Justy, gari ndogo ya mfano wa hizi tunazozizungumza. Kwa hiyo si uchawi na si kitu cha jana.

Na faida yake ni ya kweli, siikatai. Injini ndogo haina nguvu ya kuchezea, na CVT inaiweka pale pale inapofanya kazi vizuri kwa mafuta machache. Foleni ya Darajani, Unguja, saa saba mchana, au ile ya kutoka mjini kwenda Mwanakwerekwe, hakuna kitu kizuri kama CVT. Mama yangu magoti yanamuuma. Siwezi kumwambia akanyage klachi mara mia baina ya Michenzani na Amani. Unatia D, unakwenda, haishtuki.

Lakini mkanda ule wa chuma haukushikwa na jino wala msumari. Umeshikwa kwa kubanwa tu, na kinachoubana ni mafuta yenye presha. Kwa hiyo mafuta ya CVT yana kazi mbili zinazopingana: yalainishe kila kitu, na papo hapo yauache mkanda ushike puli bila ya kuteleza. Ndiyo maana Toyota wana mafuta yao maalumu, yameandikwa TC au FE kwa kutegemea giaboksi yenyewe. Yale mekundu ya otomatiki za zamani, ambayo mafundi wetu wote wanayaita haidroliki, yametengenezwa kwa giaboksi nyengine kabisa.

Sasa niwaeleze kisa cha mdogo wangu. Alinunua Passo ya toleo la kuanzia 2010, safi, imetoka Japani na kitabu chake cha Kijapani ambacho hakuna aliyekifungua. Akaipeleka gereji kwa ajili ya sevisi, gereji ambayo sitaitaja. Fundi akamwaga mafuta ya giaboksi akatia mekundu. Gari ikatoka inakwenda vizuri, na hilo ndilo baya lake: haifi siku hiyo. Ikaanza kuvuma. Halafu kwenye mlima injini inapiga kelele gari haipandi. Mkanda ukishateleza unakwangua puli, chembe za chuma zinaingia kwenye mafuta, zinakwenda kwenye valvu, na baada ya hapo hata ukitia mafuta ya asali haitengenezeki. Unatafuta giaboksi nyengine iliyotumika kutoka Dar, ambayo na yenyewe hujui ilitiwa nini. Na fundi yule yule, bila ya haya, akamwambia: "CVT ndivyo zilivyo."

Hapana. Sivyo zilivyo. CVT ya cc 1000 iliyofanya kazi Nagoya tangu ilipotoka kiwandani, ikaja kwetu nzima ndani ya meli, haiwezi kuwa mbovu kwa sababu ya hewa ya Pemba.

Najua sauti zinazokuja. "Huyu kafika Uingereza kawa fundi." "Wenzetu barabara zao lami tupu, waje waone huku." Kwanza, lami ya huku ina mashimo, na mtu yeyote anayekaa hapa atakwambia. Pili, sijasema popote kwamba Waingereza wanajua gari kuliko sisi. Wengi wao hawajui mafuta gani yamo ndani ya giaboksi zao. Wao wana kitabu cha sevisi, na wakifika gereji fundi anaangalia kilichoandikwa, anatia hicho, anaandika tarehe, basi. Tofauti yote ninayoilalamikia ni hiyo: chupa ya mafuta inayosomwa kabla ya kumwagwa. Haihitaji pasipoti wala visa.

Na milima nakubali. Pemba si Unguja. Unguja unaweza kuendesha kutoka Malindi mpaka Makunduchi bila ya kukumbuka kwamba gari ina gia. Pemba unapanda unashuka, unapanda unashuka, na gari ina watu watano, ndoo za samaki na polo la karafuu nyuma. Injini ya cc 1000 ikibebeshwa hivyo kwenye CVT, mafuta yanapata moto, na mafuta yaliyopata moto sana hayabani tena kama inavyotakiwa. Hata yakiwa ndiyo yenyewe. Hii ni kasoro ya CVT na siifichi, na mwenye kuuza gari Unguja hamwambii mnunuzi wa Wete.

Lakini msiniambie kwamba gari ndogo haiwezi Pemba, kwa sababu jawabu linapita mbele ya nyumba zenu kila asubuhi. Keri! Suzuki Carry ina cc 660 tu. Sheria ya Japani kwa gari ndogo za daraja lile, wanazoziita kei, tangu 1990, ni cc 660 mwisho, na tangu 1998 urefu wake mwisho ni mita 3.4, sawasawa na kigari changu mnachokicheka. Gari ile injini yake ni ndogo kuliko ya Passo kwa thuluthi nzima. Na inabeba ndizi, inabeba saruji, inabeba makonyo ya karafuu kwenda kiwandani Wawi, inabeba mbuzi na mwenye mbuzi, inapanda. Kwa nini inapanda? Kwa sababu ina gia za mkono, namba moja yake ni fupi na ina nguvu, na anayeiendesha anajua: anaupokea mlima kwa namba mbili, anasikia injini inazama, anatia moja kabla haijafa. Dereva wa keri wa Kengeja, mimi namweka juu ya dereva yeyote niliyemuona huku. Huku ukifanya mtihani wa udereva kwa otomatiki, leseni hiyo haikuruhusu kugusa gari ya gia, na vijana wengi wanaridhika hivyo hivyo. Sisi tuna watu wanaoijua klachi kama wanavyoijua njia ya kwao, halafu tunaona ni kazi ya wabeba mizigo.

Kwa sababu mambo ndiyo hayo, tusemezane ukweli. Mtu wa kwetu akipata fedha hataki klachi, klachi ni ya keri na ya daladala. Na hataki gari ndogo, ndogo ni ya mwalimu anayeanza kazi. Anataka Prado. Kisiwa ambacho kutoka kusini mpaka kaskazini ni kilomita 67 hivi, mtu anataka gari ya kuvukia Sahara! Halafu ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Zanzibar, wakitangaza bei ya mwezi, Prado inawekwa chini ya mwembe na mwenyewe anaomba lifti.

Aygo yangu, kwa hesabu ya kiwanda, inakula lita 4.6 kwa kilomita 100, yaani kilomita 21 na zaidi kwa lita moja. Tangi lake ni lita 35. Toeni milima, toeni kona, toeni mzigo, toeni hesabu za kiwanda ambazo siku zote ni nzuri kuliko za barabarani. Bado utakwenda Mkoani kusini mpaka Konde kaskazini na kurudi, na ukarudia tena na tena, kabla hujarudi shelini. Na hapa London, ambapo tangu Agosti 2023 mji mzima gari isiyofikia kiwango cha moshi inalipa paundi 12 na nusu kila siku inapotembea, kigari hiki cha petroli hakilipi hata senti.

Kina ubaya wake na nitausema, maana sikuandika tangazo la biashara. Kwenye barabara kuu kina kelele, na lori likikupita kinatetemeka. Silinda tatu zinatikisa ikisimama. Matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa klachi zilizokuwa ndogo zikiisha mapema, mpaka wakaweka kubwa zaidi, na kwa maji ya mvua kuingia kwenye buti. Kuna zile zilizotiwa gia za mkono zinazobadilishwa na mota badala ya mguu, zikiitwa MultiMode: hizo zinakushtua kila gia, na mimi simshauri mtu yeyote azichukue, huku wala huko. Na nyuma wanakaa wawili kwa shida.

Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na wanaonipinga kwa hili wana haki. Mimi hapa naendesha peke yangu. Kwetu gari si ya mtu mmoja. Usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu, gari ni ya mtaa. Maziko yakiwa Micheweni, gari ni ya ukoo. Harusi sitaji. Mwenye kununua Noah kwa sababu hiyo sina neno naye, Mungu amlipe. Ninayemsema ni yule mwenye gari kubwa anayekwenda nayo peke yake kutoka Machomane mpaka ofisini Chake, na yule anayenunua ndogo halafu anailaumu kwa dhambi za fundi.

Klachi ikiisha, fundi yeyote wa Chake anaitoa na kuifunga nyengine. CVT ikiisha, hakuna anayeifungua. Kwa Pemba hili peke yake lingetosha kuamua.

Mtoto wa ami yangu wa Wete ameniandikia pembeni, nje ya grupu, hataki wengine wamuone: ana fedha za gari ndogo, achukue ipi? Nimemjibu. Ikipatikana ya gia za mkono, chukua hiyo, usione haya. Ikiwa hukuipata, chukua Passo ya kabla ya 2010, ile ya otomatiki ya gia nne, inakula zaidi kidogo lakini inajulikana na kila fundi. Ukilazimika kuchukua ya CVT, nunua mafuta yake siku hiyo hiyo unayolipia gari, hata kama ni ya kuagizia, uyaweke nyumbani, na siku ya sevisi usimame hapo hapo gereji mpaka uone chupa ile ile ndiyo inayomwagwa. Na usipakie watu saba.