Lawama za watumiaji na miaka 6 ya madirisha ya GIMP

Anayelalamika kwamba GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ngumu kutumia hujibiwa mara nyingi kwa moja ya majibu mawili: programu ni ya bure, basi ashukuru, au msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa wote, basi arekebishe mwenyewe. Yote mawili yana haki yake. Hata hivyo, naamini kwamba yanampa mlalamikaji jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Tuanze na haki hiyo. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu walipoiacha imebebwa hasa na watu wa kujitolea, wachache mno kwa kazi iliyopo. Mtu wa namna hiyo, anayekaa kwenye msimbo baada ya saa za kazi inayomlisha, akipokea ujumbe usemao tu kwamba programu yake haifai kwa kuwa haifanani na Photoshop, hana cha kushika. Kufanana na Photoshop si kipimo cha ubora, na kila kitufe kinachohamishwa ili kumfaa mgeni humkwaza mwenyeji aliyekizoea. Matusi, ambayo hayakosekani, yamewachosha watu wema.

Lakini chukua suala la madirisha. Kwa miaka mingi GIMP ilifunguka vipande vipande: zana upande mmoja, orodha ya tabaka (vipande vya picha vinavyopangwa kimoja juu ya kingine) upande wa pili, picha katikati, kila kimoja katika dirisha lake linaloelea. Ukibofya kivinjari kilichokuwa nyuma, picha yako inafunikwa, na unaanza kuitafuta. Watumiaji waliomba dirisha moja, na wakaomba tena. Lilikuja katika toleo la 2.8, Mei 2012. Hapo kweli palihitajika msimbo na mikono, na aliyeambiwa asubiri hakuonewa. Ila hali hiyo ya dirisha moja ilikuja ikiwa imezimwa. Ilikaa ndani ya menyu, mbofyo mmoja tu kuiwasha, na haikufanywa chaguo-msingi, yaani hali ambayo programu hufunguka nayo yenyewe, hadi toleo la 2.10, Aprili 2018.

Nimeirudia hiyo miaka 6 mara nyingi, kwa sababu uchache wa mikono hauielezi. Mtetezi atasema kwamba kati ya matoleo hayo mawili mradi ulikuwa umezama katika kuhamishia uchakataji wa picha kwenye injini mpya, GEGL, na kwamba hakuna toleo jingine kubwa lililotoka katikati. Ni kweli, lakini hilo linaeleza tu kwa nini uamuzi wa 2012 ulidumu. Halielezi kwa nini ulifanywa. Mjuzi aliyetaka dirisha moja aliliwasha siku ileile, na aliyependa madirisha yanayoelea alibaki nayo, kwa hiyo kwa watu wa ndani suala lilikuwa limekwisha. Aliyebaki na tatizo ni mgeni, ambaye ndiye hasa asiyejua kwamba dawa imo ndani ya menyu. Huyo huwezi kumwambia aandike msimbo, maana msimbo ulikwisha kuandikwa. Alichokuwa akiomba ni kufikiriwa kwanza pale programu inapofunguka.

Blender, programu huria ya kutengeneza michoro na filamu za 3D, ilikuwa na kisa kinachofanana na hicho. Tangu enzi zake za awali, vitu vilichaguliwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kinyume na karibu kila programu nyingine, na anayetaka kitufe cha kushoto alitakiwa kwenda kukibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio. Toleo la 2.80 la Julai 2019 liligeuza utaratibu huo. Waliozoea kulia hawakutupwa: programu ikifunguliwa kwa mara ya kwanza huonyesha kidirisha kidogo kinachouliza, pamoja na mambo mengine machache, unataka kuchagua kwa kitufe kipi. Ni kweli kwamba Blender ina wafanyakazi wanaolipwa, jambo ambalo GIMP haina kwa kiwango hicho. Ina pia desturi, tangu filamu yake fupi ya mwaka 2006, ya kuwaweka wasanii na waandika msimbo kazini pamoja mjini Amsterdam, ambako lawama hutoka meza ya jirani na ni vigumu kuiita utovu wa shukrani.

Kuna lawama ambayo watengenezaji walikuwa na hoja nzito zaidi. Toleo lilelile la 2.8 lilitenganisha kuhifadhi (save) na kuhamisha (export): amri ya kuhifadhi ikawa ya faili za XCF pekee, aina ya faili ya GIMP yenyewe inayotunza matabaka, na anayetaka JPEG akaelekezwa kwenye amri ya kuhamisha. Sababu yake ni nzuri, kwani JPEG huyaunganisha matabaka yote na kazi ya saa nyingi hupotea kwa mbofyo mmoja. Lakini mfikirie kijana wa stesheneri anayepunguza picha za pasipoti huku wateja wamepanga foleni. Hana tabaka la kulinda. Amefungua JPEG, amekata kingo, anataka JPEG. Anabonyeza kuhifadhi, anaambiwa hapa ni XCF tu. Anahamisha, anafunga picha, anaonywa kwamba mabadiliko yake hayajahifadhiwa, ilhali faili anayoihitaji iko tayari kwenye diski. Akikereka, hatapeleka ripoti popote. Atarudi kwenye nakala ya wizi ya Photoshop aliyoiacha juzi. Kwa hiyo yule anayechukua muda kulalamika, hata kwa maneno makali, ni mtumiaji ambaye bado hajaondoka.

Mradi wa GIMP sasa una mahali pa kujadili kiolesura, yaani sura ya programu anayokutana nayo mtumiaji, palipotengwa na hitilafu za msimbo, na hiyo ni hatua njema. Ningependa mlalamikaji akifika hapo aulizwe swali la kwanza kuhusu kazi aliyokuwa akijaribu kuifanya, kabla ya namba ya toleo na jina la mfumo endeshi.