Kabla hujamfukuza mhasibu

Oktoba 2015, mkurugenzi wa Peebles Media Group, kampuni ya uchapishaji ya Glasgow, alikuwa likizoni Tenerife. Huku ofisini, mwanamke aliyeajiriwa kufuatilia madeni ya wateja akaanza kupokea barua pepe zenye jina la bosi huyo: kuna malipo ya haraka, yafanyike leo. Kulipa hakukuwa kazi yake. Akamwendea msimamizi wake, wakalipa pamoja malipo ya kwanza. Msimamizi naye akaenda likizo, barua zikaendelea kuingia, na yeye akaendelea kulipa. Zilipohesabiwa zilikuwa zaidi ya pauni 193,000, na benki ikarudisha kama 85,000. Kampuni ilimfukuza kazi, kisha ikamburuta mahakamani ikimdai pauni karibu 108,000 zilizobaki. Mwaka 2019 mahakama ya Scotland ikayakataa madai hayo.

Naikumbuka kesi hiyo kila nikisikia kampuni ya hapa kwetu imelipa profoma (ankara ya kabla ya mzigo) ya mwizi. Swali la kwanza mezani huwa lile lile: nani alilipa? Likishajibiwa, kikao kimekwisha.

Wanaotaka mlipaji awajibishwe wana hoja, wala si ya kubezwa. Pesa zilizoondoka ni mishahara ya watu. Wapo pia watumishi wanaokula njama na wezi, na anayejua hataulizwa chochote hulegea. Juni 2024 Mahakama ya Rufaa ya Juu ya Afrika Kusini iliwapa nguvu wenye msimamo huu. Mnunuzi wa nyumba alikuwa amepoteza randi milioni 5.5 baada ya mwizi kuingia kwenye barua pepe zake na kubadilisha namba ya akaunti iliyotumwa na mawakili wa ENS. Mahakama Kuu iliwaamuru mawakili walipe, lakini rufaa ikatengua hukumu hiyo: mnunuzi angeweza kujikinga mwenyewe. Na kweli, alipolipa amana ya randi 500,000 kwa dalali wa nyumba alipiga simu kwanza kuhakiki akaunti. Kwenye zile milioni tano na nusu hakuwapigia mawakili. Hapo sina la kumtetea zaidi ya kusema kwamba binadamu huchoka.

Lakini tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Ijumaa, saa tisa alasiri, ofisi ya muuza vipuri Dar es Salaam. Benki inakaribia kufunga malipo ya TT, yaani ya kutuma pesa nje ya nchi, ya siku hiyo, na mzigo wa dola 40,000 unasubiri Guangzhou, China. Mhasibu ana mazungumzo ya wiki tatu na muuzaji: bei, vipimo, tarehe ya kontena. Ndani ya mazungumzo hayo hayo inaingia barua nyingine, nembo ile ile, saini ile ile, bei haijazidi hata dola moja. Kilichobadilika ni mstari mmoja tu: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tumieni hii ya Hong Kong. Ukiisogelea anwani ya mtumaji unaweza kugundua kwamba herufi m ni r na n zilizobanana. Kwa macho ya Ijumaa haionekani. Mara nyingine hakuna hata hiyo r na n, kwa sababu kilichotekwa ni sanduku la muuzaji mwenyewe, na mwizi ameliamuru lifiche kila barua inayotoka kwako. Ukijibu kwa kuuliza kama akaunti mpya ni ya kweli, anayekujibu "ndiyo" ni mwizi.

Hakuna kirusi hapo wala linki ya kubonyeza, na Kiingereza kimenyooka. Semina ya "usibonyeze usichokijua" haigusi jambo hili. DMARC, ule mpangilio unaozuia wengine kutuma barua kwa jina la kikoa chako, ni wa lazima siku hizi, lakini haumzuii mwenye herufi zilizobanana, wala aliye ndani ya sanduku halali. Uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai kitu cha pili baada ya nywila, nao ni wa lazima, na kampuni isiyokuwa nao leo haina pa kujitetea. Ila unalinda mlango wako, si wa muuzaji aliye Guangzhou. Google na Facebook hazikukosa wataalamu, lakini kati ya 2013 na 2015 Mlithuania Evaldas Rimasauskas alizitoza zaidi ya dola milioni 120 kwa ankara za bandia, akijifanya Quanta, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya kompyuta iliyokuwa ikifanya nazo biashara. Mwaka 2019 alifungwa miaka mitano.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mama lishe akituma elfu tano kwa simu, jina la mpokeaji linamjia kwenye kioo kabla pesa haijaondoka. Likija jina asilolijua, anaacha. Mhasibu wa dola 40,000 anaandika jina la kampuni kwenye fomu ya TT, na kwa kawaida pesa inafuata namba ya akaunti, jina halilinganishwi na lolote. Uingereza benki kubwa zilianza kulinganisha jina na akaunti mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya umeyalazimisha mabenki ya kanda ya euro kufanya hivyo tangu Oktoba 2025. Kwetu, kwa malipo ya nje, kazi hiyo tumemwachia mtu mmoja mwenye mshahara wa kawaida. Na tumemlea asimpigie mkubwa simu kumuuliza "ni wewe kweli?", maana ataonekana mjuaji. Mkubwa akisema harakisha, mdogo hasemi ngoja. Mwizi anaijua adabu hiyo kuliko sisi.

Ripoti ya FBI, wapelelezi wa Marekani, ya 2023 ilihesabu malalamiko 21,489 ya wizi wa aina hii, hasara ya dola bilioni 2.9. Lakini namba ninayoirudia kila siku ni nyingine katika ripoti hiyo hiyo: kwenye matukio 3,008 ambayo kikosi chao cha kufuatilia pesa kilishughulikia, kati ya dola milioni 758 zilizokuwa njiani, milioni 538 ziligandishwa. Asilimia 71! Pesa hizi hazipotei saa ile ile, zinakaa kidogo kwenye akaunti ya kwanza kabla hazijagawanywa. Atakayeziokoa ni yule atakayesema mapema, na mara nyingi wa kwanza kushtuka ni huyo huyo aliyelipa.

Sasa mweke pale, Ijumaa saa kumi na moja jioni, ameona ile r na n. Kama mwaka jana mwenzake alifukuzwa, atanyamaza hadi Jumatatu, akiomba Mungu awe amekosea. Wala kumkata mshahara hakutarudisha kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu makato ya hasara pale tu kosa ni lake na amepewa nafasi ya kupinga, tena yasizidi robo ya mshahara. Kwa mshahara wa 900,000, robo ni 225,000. Dola 40,000 ni kama shilingi milioni 100, kwa hiyo atalipa kwa miaka 37.

Mwajiri anayetaka pesa zake aanze na namba ya simu ya muuzaji iliyo kwenye mkataba wa mwanzo, iandikwe juu ya faili. Akaunti ikibadilika, isilipwe siku hiyo hiyo, hata kontena likichelewa. Wasaini wawili, na wa pili asikilize simu ikipigwa. Na mkurugenzi awaambie watu wake mbele ya wote, kabla hajapanda ndege kwenda likizo, kwamba wampigie saa yoyote kuuliza kama barua ni yake, halafu simu ikiita saa nane usiku, apokee.