Swali la tatu

Machi 2025 BBC ilifunga HARDtalk, kipindi kilichoanza 1997 na kilichokuwa kikimkalisha mgeni mmoja mbele ya mhojaji mmoja kwa karibu nusu saa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana matumizi. Lakini wengi walishasema kabla ya hapo kwamba mahojiano marefu ya kisiasa yamepitwa na wakati: viongozi wana kurasa zao mitandaoni, wana podikasti za marafiki, na watazamaji wanataka kipande cha dakika moja cha kutumiana kwenye simu. Hoja hiyo inastahili kupimwa, maana ina ushahidi wake.

Katika kampeni za uchaguzi wa Uingereza wa 2019, Jeremy Corbyn wa chama cha Labour alikubali kuhojiwa na Andrew Neil wa BBC, akatoka amebanwa vibaya. Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, hakwenda. Tarehe 5 Desemba Neil aligeukia kamera na kuwaeleza watazamaji ni mambo gani angemuuliza Waziri Mkuu, mengi yakihusu kuaminika kwake. Wiki moja baadaye Johnson alishinda kwa wingi wa viti 80. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba alishinda kwa sababu alikwepa, ila mshauri yeyote wa habari aliyekuwa akifuatilia alipata somo: aliyekwenda aliumia, asiyekwenda hakuumia.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Mei 1997 mtangazaji Jeremy Paxman, kwenye kipindi cha BBC cha Newsnight, alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na wakati huo akiwania uongozi wa chama cha Conservative, kama alitishia kutengua uamuzi wa mkuu wa idara ya magereza, Derek Lewis. Howard akazunguka. Paxman akarudia swali lile lile, tena na tena, karibu mara 12. Mahojiano hayo yanatajwa hadi leo kama kilele cha kazi hii, na Paxman mwenyewe alikuja kusema kwamba aliendelea kurudia kwa sababu habari iliyotakiwa kufuata haikuwa tayari. Mtazamaji aliondoka akijua kwamba Howard anakwepa. Kuhusu magereza yenyewe hakuongezewa kitu. Wanaosema mahojiano makali ni mchezo wa jukwaani wana haki ya kuutumia mfano huu.

Ninapotofautiana nao ni kwenye kipimo. Mahojiano yanapimwa kwa kuangalia kama kiongozi alivunjika, alitokwa jasho au alikiri, na hayo hutokea kwa nadra sana. Kazi yake halisi ni kumfanya mtu mwenye madaraka aseme jambo moja mahususi, kwa maneno yake, mbele ya mashahidi, jambo ambalo baadaye linaweza kulinganishwa na nyaraka, na ushahidi wa mtu mwingine, au na kauli yake mwenyewe ya mwaka unaofuata. Ili afike hapo unahitaji dakika, na hesabu ya dakika ndiyo ambayo watu hawaifanyi.

Chukua nafasi ya dakika 10. Ondoa kumtambulisha mgeni na kumuaga, zimebaki 9. Kiongozi aliyefunzwa kuongea na vyombo vya habari hujibu kwa sekunde 80 hadi 90, na swali lenyewe linakula sekunde 15 au 20. Ukigawanya unapata mizunguko mitano ya swali na jibu. Mhariri anataka mada tatu, kwa sababu kuna bajeti, kuna kashfa na kuna uchaguzi. Basi kila mada inapata swali moja, na mbili kati ya hizo zinapata swali la nyongeza. Hakuna hata moja inayofika swali la tatu.

Sasa chukua dakika 45 na mada zile zile. Kwa mwendo ule ule wa majibu unapata mizunguko 24, yaani minane kwa kila mada.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye tarakimu. Jibu la kwanza liliandikwa ofisini siku mbili kabla. Jibu la pili ni lile la kwanza limebadilishwa nguo, au ni mbinu wanayofundishwa wasemaji wote: likubali swali, livuke, kisha rudi kwenye ujumbe wako. Swali la tatu, likijengwa juu ya neno ambalo mgeni mwenyewe amelitamka sasa hivi, halina karatasi. Hapo ndipo kiongozi analazimika kufikiri mbele yetu. Kwa hiyo anayejibu kwa sekunde 90 huenda si mpenda maneno. Anakula saa, na katika dakika 10 ana hakika saa itaisha kabla swali hilo halijamfikia.

Hata ule ukali unaolalamikiwa unazaliwa hapo hapo. Mtangazaji mwenye mizunguko mitano hana njia ila kukatiza, kwa sababu kila sekunde ya hotuba inamnyang'anya swali. Mwenye mizunguko 24 anaweza kumwacha mgeni amalize, akanyamaza sekunde tatu au nne, na mara nyingi mgeni huujaza mwenyewe ukimya huo kwa sentensi ambayo hakukusudia kuitoa. Anayechukia mahojiano ya kufokeana, halafu akaunga mkono kufutwa kwa yale marefu, anaondoa dawa na kuuacha ugonjwa.

Mfano unaonitosha ni wa Oktoba 1989. Nigel Lawson, Waziri wa Fedha wa Uingereza, alijiuzulu tarehe 26 baada ya mvutano kuhusu Alan Walters, mshauri wa uchumi wa Waziri Mkuu, Margaret Thatcher. Siku tatu baadaye yalitangazwa mahojiano ya Thatcher na Brian Walden, mbunge wa zamani wa Labour aliyegeuka mtangazaji. Walden alitaka kujua jambo moja: je, Lawson angebaki kama Walters angeondolewa? Thatcher akasema hajui. Walden akalirudia kwa sura nyingine: hukuwahi hata kumuuliza? Jibu likaja limekatika katika, kwamba Lawson alikuwa ameshaamua. Wiki iliyofuata Lawson naye alihojiwa na Walden, akaeleza kwamba alimwambia Waziri Mkuu waziwazi kuwa Walters lazima aondoke. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekiri. Lakini kauli mbili zisizopatana zilikuwa zimerekodiwa, siku saba kati yao, na kila raia angeweza kuziweka pamoja.

Kazi ya namna hiyo huanzia mezani. Kundi la Walden lilijulikana kwa kupanga majibu pamoja na maswali: akisema ndiyo tunakwenda huku, akisema hapana tunakwenda kule, akikwepa tunamrudisha kwa njia hii. Mada tatu zinatosha, na nne tayari ni nyingi. Kila dai la tarakimu linahitaji karatasi yake, yenye tarehe na ukurasa, iwe mkononi na si kwenye kompyuta ya mtayarishaji. Swali liwe moja. Ukiunganisha mawili, mgeni atajibu lile jepesi na hutaweza kusema amekwepa. Swali la ndiyo au hapana liwekwe mwisho wa mada, baada ya ukweli wa msingi kukubaliwa na pande zote. Likitangulia litazaa hotuba.

Kosa la kawaida zaidi ni kutosikiliza: macho yako kwenye swali la nane wakati mgeni ametoa habari kubwa katika jibu la saba. Jonathan Swan wa Axios, chombo cha habari cha Marekani, hakufanya kosa hilo mwaka 2020 alipomhoji Donald Trump kuhusu korona. Trump alimpa karatasi zenye chati kuonyesha kwamba Marekani inafanya vizuri. Swan alizipokea, akazisoma pale pale, akamwambia kwa utulivu kwamba yeye Rais anapima vifo kwa kulinganisha na idadi ya waliougua, ilhali swali lilihusu vifo kwa idadi ya watu wote. Trump akajibu kwamba huwezi kufanya hivyo. Matusi hayakuhitajika. Ilihitajika kujua tofauti kati ya vipimo hivyo viwili vya vifo kabla ya kuingia chumbani.

Yapo mazingira ambayo mahojiano ndiyo meza pekee iliyobaki ya kumwajibisha kiongozi. Richard Nixon, Rais wa zamani wa Marekani, alisamehewa na mrithi wake, Gerald Ford, Septemba 1974, kwa hiyo mahakama isingemfikia tena kwa kashfa ya Watergate. Mwaka 1977 mtangazaji wa Uingereza, David Frost, alirekodi naye zaidi ya saa 28, na mtafiti wake, James Reston Jr., alikuwa amechimbua kwenye majalada ya mahakama mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake, Charles Colson, ambayo umma haukuwa ukiyajua. Ndani ya saa hizo ndipo Nixon alipotamka kwamba Rais akifanya jambo, maana yake si kosa kisheria. Waliopinga walisema Frost aliununua ukweli, kwani Nixon alilipwa dola 600,000, na lawama hiyo ni ya haki. Kumlipa anayewajibishwa kunamfanya mshirika wa biashara. Hata hivyo sentensi ile isingepatikana kwenye mkutano wa wanahabari wa dakika 20.

Mengi huharibika kabla kamera haijawashwa: ofisi ya kiongozi inaomba maswali mapema, inataka mada fulani isiguswe, au inafupisha muda mgeni akiwa tayari ameketi. Kutaja mada kwa jumla ni kawaida, maana mgeni lazima ajiandae. Kutoa maswali yenyewe ni kuuza kipindi, na sharti lolote lililokubaliwa watazamaji waambiwe.

Uhariri nao ni mlango wa lawama. Kipindi cha 60 Minutes cha kituo cha CBS kilipunguza jibu la Kamala Harris, mpinzani wa Trump katika uchaguzi wa 2024, Trump akashtaki, na Julai 2025 Paramount, kampuni mama ya CBS, ikakubali kulipa dola milioni 16. Wataalamu wengi wa sheria waliiona kesi hiyo dhaifu. Hata hivyo kinga ilikuwepo na ni rahisi: toa maandishi kamili siku ile ile, yenye dakika na sekunde pembeni.

Johnson alionyesha kwamba kukwepa kunawezekana, na hakuna chombo cha habari kinachoweza kumburuta mtu studio. Kinachowezekana ni kuyatangaza maswali, kama Neil alivyofanya, kumwalika tena baada ya uchaguzi, na kutompa nafasi laini kipindi kingine cha kituo hicho hicho wiki hiyo hiyo. Na kwa wale wanaokuja, maandishi yale kamili yahifadhiwe, kwa sababu mwaka ujao mhojaji mwingine atayaweka mezani dakika ya 12, asome tarehe, asome sentensi, kisha anyamaze.