Tommy Vercetti hajui kuogelea

Mtoto wa Amu (Lamu) hupiga mbizi gatini kabla hajajua kuandika jina lake. Ndiyo maana Vice City (2002), gemu ya mfululizo wa Grand Theft Auto (GTA), ilituchekesha sana huku kwetu: Tommy, mhusika wake mkuu, jitu zima, bunduki tele, boti za mbio, likitumbukia majini linakufa. Jambazi wa mji wa pwani huyo!

Miaka miwili baadaye ikaja San Andreas, na hadi leo nashikilia kuwa hakuna GTA iliyoipiku. CJ, mhusika mkuu wa humo, aliogelea, akapiga mbizi, na kadiri alivyozoea kukaa chini ndivyo pumzi zake zilivyoongezeka. Kulikuwa na chaza 50 wa kuokota chini ya maji. Akila ovyo ananenepa, akienda jimu anajaza misuli. Miji mitatu, baiskeli, ndege, hata shule ya udereva (na sisi wenye vichochoro vya punda tulishika usukani humo kwanza). Kikubwa zaidi, sehemu fulani ukichomeka pedi ya pili (kidude cha kuchezea), mwenzako anaingia mchezoni. Kwenye vibanda vya gemu vya Langoni, hapa Amu, watu huchangishana ili wacheze, kwa hivyo hilo si jambo dogo.

GTA IV ya 2008 ina hadithi nzuri kuliko zote, nakubali. Niko Bellic, mhusika wake mkuu, akigongwa anapepesuka kama binadamu. Lakini baiskeli hakuna, jimu hakuna, ndege huendeshi, ni helikopta tu. Anaogelea juu juu, mbizi hawezi. Badala yake tukapewa binamu yake Roman, anayepiga simu kila mara akitaka mtoke mkacheze bowling. Anayesema gemu mpya lazima iizidi ya zamani, anieleze hapo.

GTA V (2013) ilirudisha mengi: baiskeli, ndege, mbizi, tena na papa humo, na vipande 30 vya nyambizi vya kutafuta baharini. Jimu ya kujenga mwili haikurudi. Kucheza pamoja nako kukahamia GTA Online, maana yake kila mtu na runinga yake, kila mtu na intaneti yake. Nyongeza za hadithi ya Michael, Franklin na Trevor tulizisubiri, hazikuja.

Sasa GTA VI inaturudisha Vice City. Trela nimeiona, picha ni za ajabu, sina neno. Mimi nauliza tu kama pedi ya pili itapata kazi.