Fedha za Vijiji Indonesia: Wezi ni Wengi, Wizi ni Kiasi Gani?

Januari 2023 wakuu wa vijiji wa Indonesia walimiminika Jakarta na kujipanga mbele ya Bunge wakidai muhula wao urefushwe kutoka miaka 6 hadi 9. Watu wengi wa mjini waliowaona kwenye televisheni hawakuwa na la kujiuliza: hawa wanataka muda zaidi wa kula. Baadaye Sheria Na. 3 ya 2024 iliwapa miaka 8, kwa mihula isiyozidi miwili. Madai yale siyatetei hata kidogo. Miaka 8 madarakani ni mingi kwa kijiji ambacho nusu ya watu wake ni shemeji na binamu. Lakini hasira ile imegeuka kuwa hukumu juu ya mfumo mzima wa kupeleka fedha vijijini, na hapo ndipo ninapoona watu wanakosea hesabu.

Mfumo wenyewe ulitokana na Sheria ya Vijiji Na. 6 ya 2014. Kabla yake kijiji kilichotaka daraja kiliandika ombi, kikalipeleka wilayani, kikangoja. Kuanzia 2015 hazina ya taifa inatenga fungu kwa kila kijiji, na vijiji ni takriban 75,000. Mwaka wa kwanza zilitengwa rupia trilioni 20.7, kufikia 2018 zilikuwa trilioni 60, yaani wastani wa rupia milioni 800 kwa kijiji, kama dola 55,000 hivi za wakati ule. Matumizi yanapangwa kwenye kikao cha wanakijiji, musyawarah desa.

Dola 55,000 mjini Jakarta ni nyumba ndogo. Kijijini mambo ni mengine. Sensa ya kilimo ya 2023 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za wakulima zinalima chini ya nusu hekta. Wenyewe wana jina la mkulima wa namna hiyo: petani gurem, na gurem ni utitiri wa kuku. Mkulima-utitiri huyu hana trekta wala ghala. Anavuna mpunga kwenye jaruba lisilofikika kwa gari, anaubeba begani juu ya matuta yanayoteleza, na dalali anayemngoja barabarani anakata bei kwa sababu anajua mpunga ukishafika pale haurudi nyuma. Mwagia zege njia ya upana wa mita mbili hadi ukingo wa shamba, pikipiki ipite, na mkulima ana nafasi ya kumwambia dalali "subiri kwanza". Hakuna waziri atakayekata utepe kwenye njia kama hiyo.

Ndiyo maana Joko Widodo, rais wa wakati ule, alichekwa. Katika mdahalo wa uchaguzi wa Februari 2019 alisema mfuko huo wa vijiji umejenga zaidi ya kilomita 191,000 za barabara za vijiji, na wenye dhihaka wakakokotoa kwamba huko ni kuizunguka dunia karibu mara tano. Kweli. Sasa gawanya kwa vijiji 75,000, kisha kwa miaka minne. Unapata mita 640 kwa kijiji kwa mwaka. Kijiji chenye vitongoji vinne au vitano, mchanga wa mtoni na vijana wa kuchanganya zege, kinashindwaje mita 640? Kwamba kila mita ilijengwa vizuri, au ilijengwa kweli, ni mjadala mwingine. Ila waliocheka walisahau kugawanya.

Tuje kwenye wizi, maana ndiyo hoja nzito. Indonesia Corruption Watch, shirika la kiraia lisilo na sababu ya kumpendelea mkuu wa kijiji, lilihesabu kesi 579 za rushwa zilizoshughulikiwa na vyombo vya sheria mwaka 2022. Kesi 155 zilihusu vijiji. Zaidi ya robo! Hakuna sekta nyingine iliyofikia idadi hiyo, na takwimu hii hurudiwa kila bajeti inapojadiliwa.

Ambayo hairudiwi ni safu ya pili ya jedwali lile lile. Hasara ya kesi zote 579 ilikadiriwa kuwa rupia trilioni 42.7. Hasara ya kesi 155 za vijiji ilikuwa bilioni 381, haifiki asilimia moja. Robo ya kesi, na kwenye fedha zilizoibwa hata kijiko hakijajaa. Ukizilinganisha bilioni hizo na trilioni 68 zilizotengwa kwa vijiji mwaka huo, ni kama nusu ya asilimia moja. Nimerudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimepoteza sifuri mahali fulani. Sijapoteza.

Kwa nini basi kesi ni nyingi? Pita mbele ya ofisi ya kijiji utaona bango kubwa lenye bajeti ya mwaka: mtaro kiasi hiki, kliniki ya watoto kiasi hiki. Jirani anasoma, kisha anahesabu mifuko ya saruji kwa macho yake. Mkuu wa kijiji akinunua gari jipya, kitongoji kizima kimelijua kabla ya magharibi. Anayeiba kwenye wizara hana jirani wa kumhesabia mifuko, na ana wakili.

Lazima niseme pia kinachonisumbua. Bilioni 381 ni za waliokamatwa. Kesi 155 kati ya vijiji 75,000 zinaweza kutueleza zaidi uwezo wa polisi na waendesha mashtaka kuliko tabia za watu. Mwaka 2019 Waziri wa Fedha, Sri Mulyani Indrawati, alilalamika hadharani juu ya "vijiji vya mzimu", na uchunguzi ukaelekezwa Konawe, Sulawesi ya Kusini-Mashariki: vijiji vilivyodaiwa kupokea fedha bila kuwa na watu. Na kuna unyang'anyi usioingia kwenye kesi yoyote. Zabuni ya kokoto inakwenda kwa mkwe. Njia ya zege inaishia kwenye shamba la mwenye nacho. Kikaoni kibarua asiye na ardhi anakaa nyuma, kwa sababu aliyeketi mbele ndiye anayempa kazi. Bango halionyeshi hayo, na wanaoutetea mfumo huu, mimi nikiwamo, tuna kawaida ya kuyapita haraka.

Watetezi wa mfumo wanapenda pia kuitaja Ponggok, kijiji cha Klaten, Java ya Kati, kilichogeuza chemchemi yake kuwa kivutio ambako watalii hupiga picha chini ya maji. Kampuni ya kijiji iliyofanya hivyo ilianzishwa 2009, miaka sita kabla ya mfuko huu kuwapo. Na vijiji vingi havina chemchemi.

Je, umaskini umepungua? Machi 2014 maskini walikuwa asilimia 14.17 vijijini na 8.34 mijini. Machi 2024 walikuwa 11.79 na 7.09. Pengo limetoka pointi 5.8 hadi 4.7. Anayetaka muujiza hataupata hapo, maana miji nayo ilishuka, na hakuna anayeweza kutenga mchango wa mfuko na ule wa bei ya mpunga au fedha zinazotumwa na mabinti walioajiriwa Malaysia na Hong Kong. Ila pengo halikupanuka, katika muongo uliokuwa na korona ndani yake.

Korona yenyewe ilibadili mambo. Mwaka 2020, kwa agizo la serikali kuu ya Jakarta, kijiji ndicho kilichogawa hadi rupia 600,000 kwa mwezi kwa kaya maskini kutoka kwenye mfuko wake, na wengi waliipata kwa sababu mgawaji alijua nani hana kitu. Agizo lile la Jakarta lilikuwa la haki. Lakini lilifungua mlango. Kwa mwaka 2022 amri ya rais ilielekeza angalau asilimia 40 ya fedha ziende kwenye misaada hiyo, 20 kwenye chakula, 8 kwenye korona. Asilimia 68 zimeamuliwa kabla mkeka wa kikao haujatandikwa! Ukikuta mwaka huo mtaro haukuchimbwa, usianze kwa kumtafuta mwizi.

Julai 2025, Klaten hiyo hiyo, Rais Prabowo Subianto alizindua vyama vya ushirika 80,000 vya vijiji na mitaa kwa mkupuo. Kila kimoja kiliruhusiwa kukopa benki hadi rupia bilioni 3, na fedha za kijiji zilisimama nyuma ya deni. Kanuni ya mwaka huo ilitaka kikao cha kijiji kiridhie kwanza. Mfuko wa 2025 ulikuwa trilioni 71; gawanya tena kwa 75,000, ni kama milioni 947 kwa kijiji, haifiki theluthi moja ya mkopo huo.