Kutafuta maneno kwa herufi: mwalimu ana hoja, ila hawa vijana hawajaeleweka

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Kigoma anayesimamia klabu ya kiingereza amewakataza vijana wake kutumia zile programu za simu, zile unaandika herufi ulizonazo zinakutolea maneno yote ya kiingereza yanayopatikana humo. Kwake huo ni wizi, basi. Wanaocheza Scrabble pale Mwanga, ule mchezo wa kuunda maneno mezani kwa herufi zenye pointi, wamegawanyika, na mi baada ya kusikiliza pande zote naona vijana hawajatendewa haki.

Mwalimu ana hoja, tusimuonee. Uko katikati ya mchezo, herufi zako 7 zipo kwenye kibao, halafu unachungulia simu chini ya meza, huo ni wizi na hakuna wa kuutetea. Hata ule mchezo wa mtandaoni wa Wordle, unabahatisha neno moja la herufi 5 kwa siku kwa majaribio 6, pale kutafuta ndo mchezo wenyewe, programu ikikutafutia hujacheza kitu. Na anayo nyingine nzito zaidi, anasema mtoto anaweka QANAT mezani anachukua pointi zake na hajui kama ni mnyama au chombo, sasa hicho kiingereza gani. Mtihani wa kidato cha nne haumuulizi mtu maneno yenye Q isiyofuatwa na U, kweli kabisa.

Lakini hebu tuangalie nani anacheza na nani. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Ujiji kasoma miaka 7 kwa kiswahili, kiingereza kwake lilikuwa somo tu, anafika kidato cha kwanza ndo anakikuta karibu kila kipindi. Anakaa meza moja na mwenzake wa inglishi midiamu aliyekianza chekechea. Ukisema kila mtu acheze na alichonacho kichwani, mshindi umeshampanga kabla herufi hazijatoka mfukoni.

Sasa kuna namba moja naomba watu wakae nayo, 127. Kamusi ya Scrabble ya Collins, ile inayotumika mashindano ya dunia, ina maneno zaidi ya 270,000, ila ya herufi 2 kwenye toleo la 2019 ni 127 tu. Yanaenea ukurasa mmoja wa daftari! Na ndo yanayobeba mchezo, maana ukitaka kulaza neno lako sambamba na lililopo mezani, zile herufi zinazogusana zinaunda maneno ya herufi 2, kama huyajui huna pa kuweka, unabaki unaangalia nafasi imekaa wazi. Halafu yaangalie yenyewe: QI, ZO, XU, AA, OE. Nani kafundishwa OE darasani? Hakuna, si Ujiji si inglishi midiamu, hata Mwingereza wa mtaani mengi hajawahi kuyasikia. Yaani hapo ndo sehemu pekee ya kiingereza ambayo watoto wetu wote wanaanzia sifuri, na wa Ujiji akikaa na ule ukurasa wiki chache analingana na yeyote. Q ina pointi 10, bila QI unaweza kukaa nayo mpaka mwisho na zile 10 zikakatwa kwako. Na huo ukurasa mtoto kaupata wapi? Kwenye hizohizo programu. Unaiambia nipe ya herufi 2 yenye X, inakupa AX, EX, OX, XI, XU, imeisha, X yote unayo.

Tena sisi macho yetu yamezoea maneno ya kiswahili, irabu lazima iwepo. Mtu akishika C, W na M anaona hana kitu, anabadilisha herufi anapoteza zamu, kumbe CWM ni neno, ni bonde la mlimani. NTH nayo ni neno. Hayo hutayaona kwa kukodoa macho tu, lazima mtu au kitu kikuonyeshe mara ya kwanza.

Upande wa mwalimu wanapenda kumtaja Nigel Richards wa New Zealand, mwaka 2015 alichukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa hakiongei, na 2024 akarudia kwa Kihispania. Wanasema unaona, ni kukariri tu. Ila Richards Kifaransa hakukihitaji kwa lolote, mtoto wa kidato cha pili kiingereza anakihitaji kesho asubuhi. Hao wa QANAT nimewaona wanabishana mpaka wakafungua kamusi wakakuta ni mfereji wa chini ya ardhi wa kuleta maji, na hawajalisahau. Na mwaka huohuo 2015 Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya kiingereza, kwa hiyo tusiongee kana kwamba meza hii si yetu, humo kwenye kamusi hata UGALI na UHURU yamo.

Mi ningesema simu zikusanywe mchezo ukianza, zirudishwe ukiisha. Kila mtu aandike herufi zilizomshinda, azitafute, achague maneno 3 na maana zake, mwalimu akague daftari. Wasio na simu au bando wapigiwe kopi ya yale 127 steshenari. Na kama mwalimu bado ana wasiwasi aanze na yale matano ya X, awape wiki moja, halafu asimame pembeni ya meza aangalie wanavyocheza.