Simu imeuona ugonjwa, pingili safi iko wapi?

Habari za akili mnemba hazikauki siku hizi, wala za wanasayansi wanaokata na kuunga jeni za mimea. Nyingi zinatupita kwa mbali. Lakini lipo zao moja ambalo sayansi hizi mbili zimelikuta kwa pamoja, na zimelikutia hapa kwetu: muhogo. Nalisema hili kwa uchungu. Nimekulia kusini, katika nyumba ambayo makopa ndiyo yaliyotuvusha hadi mvua, na leo naona utafiti uliofanywa kwenye mashamba yetu ukisifiwa duniani huku mkulima akiendelea kupanda pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, zenye virusi.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni michirizi ya kahawia. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa Amani, milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye mwinuko ambao hakuna aliyeutarajia, na baada ya hapo ukaikumba Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo. Huenezwa na nzi weupe, ila nzi hao hawaufikishi mbali. Anayeusafirisha mbali ni binadamu, na mzigo wake wa pingili juu ya baiskeli.

Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, haijifichi: jani linajikunja, linapata mabaka ya njano, mmea unadumaa. Michirizi ya kahawia ni mnafiki. Shamba linasimama kijani, unang'oa shina, unakata muhogo na kukuta ndani madoa makavu ya kahawia. Hauliki, na makopa yake mnunuzi anayakataa. Tena kuna hasara ambayo hesabu za tani kwa hekta haziionyeshi. Ubora wa muhogo ni kwamba ardhi ndiyo ghala lake: unang'oa wa kula leo, mwingine unauacha hata mwaka mzima. Uozo huu unazidi kadiri muhogo unavyokaa ardhini, kwa hiyo watu wanalazimika kung'oa mapema, ukiwa bado mdogo. Familia inapokonywa akiba yake ya njaa, na hilo huwezi kulifidia kwa kununua kilo chache za unga.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, walichapisha kazi iliyonivutia sana. Walipiga picha za majani ya muhogo huko Bagamoyo, wakapata picha 2,756. Kwa fani ya mashine kujifunza, hizo ni chache mno. Walichofanya ni kuchukua modeli ya kompyuta iliyokwisha kufunzwa kutambua vitu vya kila aina kwa zaidi ya picha milioni moja, kisha wakaifundisha sehemu yake ya mwisho tu kutofautisha jani lenye afya na jani gonjwa, na ugonjwa huu na ule. Ikapatia kwa asilimia 93. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa programu ya Nuru, ambayo inafanya kazi ndani ya simu bila intaneti na inazungumza Kiswahili.

Hawakuishia kwenye sifa. Mwaka 2019 waliipima modeli yao ndani ya simu, katika mazingira halisi ya shamba, wakaripoti wenyewe kwamba dalili zikiwa hafifu kiwango chake cha kutambua ugonjwa kinashuka kwa takriban asilimia 32. Mwaka 2020 Latifa Mrisho na wenzake wakaishindanisha Nuru na watu. Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya kuamua kwa jani moja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Hayo majani sita nayapenda kuliko takwimu zote, kwa sababu ni maarifa ambayo hata asiye na simu anaweza kuyatumia: usihukumu mmea kwa jani moja.

Hiyo 18 hadi 31 ya wakulima nimewasikia watu wakiitaja kama ushahidi wa ujinga. Sikubali kabisa. Virusi hivi hujificha kwenye majani ya chini, yale yanayozeeka na kupukutika, na afisa ugani mmoja anahudumia vijiji ambavyo hawezi kuvimaliza. Mtu atatambuaje kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwonyesha?

Uganda nao wana la kujivunia. Maabara ya akili mnemba ya Makerere ilikusanya picha kutoka kwa wakulima, wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wakazitambua moja moja, na picha 21,367 zikawekwa kwenye shindano la kimataifa lililoanza 2020. Wahandisi wasiowahi kushika jembe la muhogo walikesha wakibishana kuhusu majani ya Uganda. Ni jambo zuri kweli. Lakini hakuna modeli inayotoa pingili hata moja, na kamera haioni kilichomo ardhini.

Ndipo tunapofika kwenye jeni. Mradi wa VIRCA, wa muhogo unaostahimili virusi, uliyaunganisha mashirika ya utafiti wa kilimo ya KALRO la Kenya na NARO la Uganda na kituo cha Danforth cha Marekani. Waliupa muhogo kipande cha jeni ya ganda la virusi vyenyewe. Mmea unatengeneza vipande vidogo vya RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya jeni, vinavyovitambua virusi hivyo na kuvikatakata kabla havijazaliana. Kipande hicho chenyewe hakitengenezi protini mpya. Majaribio yalifanyika Mtwapa, Alupe na Kakamega, kwa misimu kadhaa, na mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya ikautoa muhogo huo kwenye uzio wa majaribio. Kesi za mahakamani kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba (GMO) zimefuata, na ni haki ya wananchi kuuliza.

Wapo pia waliotumia CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni mahali palipolengwa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walizima jeni mbili za muhogo ambazo virusi vya michirizi huzitegemea. Ugonjwa ukapungua, haukuisha. Mwaka huohuo kundi jingine lilijaribu kuufanya muhogo uvikate virusi vya batobato kwa CRISPR. Haukupata kinga, na kati ya asilimia 33 na 48 ya virusi vilivyokatwa vilibadilika kwa namna ya kuukwepa mkato. Wakachapisha hilo pia, waziwazi. Anayesema teknolojia ya jeni ni muujiza hajaisoma kazi hii, na anayesema wanasayansi wanatuficha hajaisoma vilevile.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda vingine. Mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 ikayafuta rasmi. Sina ugomvi na tahadhari. Hofu ya mkulima kugeuzwa mteja wa kudumu wa kampuni ya mbegu ni hofu ya haki, hasa kwa mahindi chotara. Lakini muhogo hupandwa kwa pingili. Ukishaupata unao, na jirani yako anao. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi mkubwa kiasi hicho ulipita bila mjadala ambao mkulima wa Newala angeweza kuufuata. Kukataa ni haki ya nchi. Kukataa bila kumweleza mwananchi ulichopima na ulichokiona kunamwacha mikononi mwa uvumi.

Na kama hatuutaki muhogo wa maabara, basi tunao wetu. Hapohapo Amani, Storey na baadaye Nichols waliuzalisha muhogo na mti wa mpira wa Ceará, ndugu yake wa mwituni. Kwenye uzao wa kazi hiyo ukapatikana muhogo ambao pwani ya Kenya wanauita Kaleso. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Namikonga ya kusini mwa Tanzania, iliyotunzwa na wakulima kwa vizazi, kwa hakika ni muhogo uleule. Michirizi ya kahawia haiuwezi kirahisi. Mwaka 2017 Esther Masumba na wenzake walichapisha kazi ya kutafuta sehemu za kromosomu zenye kinga hiyo, kwa kuzalisha Namikonga na Albert, aina inayougua haraka. Huo ni utafiti wa jeni wa kiwango cha juu, umefanywa na Watanzania wakishirikiana na wenzao wa nje juu ya mbegu za Watanzania, na hauhitaji kibali cha GMO. Kwa nini haumo kwenye hotuba za bajeti ya kilimo?

Pengo lililobaki halina mvuto wa kisayansi, nadhani ndiyo maana halipati fedha. Nuru inamwambia mama shambani kwamba mmea unaumwa, aung'oe na apande safi. Safi ya nani? TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, inakagua na kuthibitisha wazalishaji wa pingili, lakini vijiji vingi havijawahi kumwona hata mmoja, na pingili ni mzigo mzito unaokauka njiani. Kwa hiyo anarudi kwa jirani, anapewa bure, na virusi vinaingia shambani kwa mlango wa mbele.

Ninachodai ni kidogo. Orodha ya wazalishaji waliothibitishwa iwekwe ndani ya programu hiyohiyo, kijiji kwa kijiji, pamoja na aina waliyonayo na mwezi wanaokata. Kila kata inayolima muhogo ipate angalau shamba moja la pingili zilizokaguliwa, hata kama ni nusu ekari ya shule ya msingi. Na wafadhili wanaolipia modeli nyingine ya kutambua majani watenge sehemu ya fedha hizo kulipia gari la kuzisafirisha pingili hizo kabla mvua hazijaanza.